Ukiambiwa Utachomwa Sindano ya Jicho: Usikimbie, Lakini Usikubali Kimya Kimya

Leo nataka tuongelee jambo ambalo wengi wetu hatupendi hata kulisikia, nalo ni sindano inayochomwa ndani ya jicho. Si kwenye kope, si pembeni, ni ndani kabisa kwenye ute. Najua mwili umeshakusisimka. Naomba uvumilie, kwa sababu katika jamii yetu huku ughaibuni kuna maneno yanazunguka kwamba sindano hiyo ndiyo inayopofusha watu. Kwa maoni yangu maneno hayo yana ukweli kiasi uliochanganywa na uongo mwingi, na mchanganyiko huo ndio unaotugharimu macho.

Kwanza tujue sindano yenyewe inatibu nini. Siku hizi zipo sindano za jicho za aina nyingi, wenye kisukari huchomwa nyingine kabisa na hizo siziongelei hapa. Ninaongelea zile za kupambana na virusi vilivyoshambulia retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha kama filamu kwenye kamera za zamani. Mara nyingi virusi hivyo ni CMV, kirefu chake saitomegalovirusi. Watu wazima wengi duniani wanavyo, na kwetu Afrika karibu kila mtu anavyo tangu utotoni, wala havimsumbui kwa sababu kinga ya mwili imevifungia ndani. Vinatoka kinga inapoanguka. Kwa mwenye VVU hatari kubwa inakuja CD4 zikishuka chini ya 50. Wengine walio hatarini ni waliopandikizwa figo au uboho, ambao wanameza dawa za kushusha kinga, na baadhi ya wagonjwa wa saratani ya damu. Vipo pia virusi vya malengelenge na vya mkanda wa jeshi, ambavyo vinaweza kuila retina hata ya mtu mwenye kinga nzuri kabisa, na hivyo huenda kasi sana, suala la siku na si miezi.

Ubaya wa CMV ni kwamba kwa kawaida haiumi. Jicho halivimbi, wala haliwi jekundu kama la mtu aliyelia. Unachoona ni vidoa vyeusi vinavyoelea kama inzi wadogo, au mwanga unaomulika pembeni kama radi ya mbali, au sehemu ya picha imekosekana. Mwingine haoni dalili yoyote kwa sababu ugonjwa umeanzia pembezoni mwa retina. Sasa ndugu yetu mbeba boksi wa zamu ya usiku anasema ni uchovu, anakwenda kununua miwani ya kusomea dukani. Dada mwingine anaambiwa na shoga yake aweke asali au maziwa ya mama jichoni. Jamani, asali haifiki kwenye retina hata ukimwaga chupa nzima.

Hapa kuna jambo moja ambalo nataka ulishike kuliko yote. Sehemu ya retina iliyokwisha kufa haifufuki. Dawa, iwe ya sindano au ya vidonge, kazi yake ni kuzuia moto usisogee mbele, haijengi upya nyumba iliyoungua. Kwa hiyo mgonjwa anaingia kliniki jicho limeshapoteza nusu, anachomwa sindano wiki kadhaa, anatoka na nusu ile ile au pungufu kidogo, kisha anawaambia watu msikitini au kanisani kwamba sindano imempofusha. Hasemi uongo kwa makusudi. Aliona kabla ya sindano, haoni vizuri baada ya sindano, akaunganisha. Lakini mara nyingi mwizi ni virusi, na aliyekamatwa ni mlinzi aliyekuja kuchelewa.

Pamoja na hayo, sitaki niwe kama wale wahudumu wanaokupigapiga bega na kusema "ni kasindano kadogo tu". Sindano hii ina hatari zake na una haki ya kuzijua.

Hatari inayoogopesha zaidi ni bakteria kuingia ndani ya jicho pamoja na sindano. Kwa sindano za ndani ya jicho kwa jumla, inakadiriwa kutokea takriban mara 1 katika sindano 2,000 hadi 3,000. Ukisikia hivyo unaona ni kidogo sana. Lakini dawa za CMV kama gansiklovia na foskaneti hazichomwi mara moja. Utaratibu wa kawaida ni mara mbili kwa wiki mwanzoni, halafu mara moja kwa wiki. Aliyechomwa mara 30 hesabu yake inakuwa kama 1 kati ya 70 au 100, na hiyo si ndogo tena. Maambukizi hayo yakitokea yanaweza kuliharibu jicho ndani ya siku mbili tatu. Ndiyo maana jicho lazima lisafishwe kwa dawa ya iodini kabla ya kuchomwa, ile inayowasha na kuacha rangi ya kahawia. Wapo wanaoomba isiwekwe kwa sababu inawasha. Usiombe hivyo. Kama una mzio sema, vinginevyo vumilia.

Ya pili ni retina kubanduka. Retina iliyoliwa na virusi inakuwa nyembamba na yenye matundu, kama kanga iliyofuliwa miaka ishirini. Inaweza kubanduka yenyewe hata mtu asiyechomwa sindano yoyote, na hilo ndilo hutokea zaidi. Lakini sindano nayo inaweza kuchangia, pamoja na kusababisha damu kuvuja ndani ya jicho, mtoto wa jicho, na presha ya jicho kupanda. Kwa dakika moja au mbili baada ya kuchomwa unaweza kuona giza, kwa sababu umeongezewa maji ndani ya chombo kilichokwisha kujaa. Kwa kawaida hilo hupita, lakini mwambie daktari palepale, usijikaze kiume.

Ya tatu haisemwi sana, nayo ni kipimo cha dawa. Chupa ya gansiklovia imetengenezwa kwa ajili ya kupitishwa kwenye mshipa wa damu na ina miligramu 500. Jicho linahitaji kiasi cha miligramu 2 hivi, ndani ya tone lisilozidi sehemu ya kumi ya mililita. Maana yake kuna mtu anakaa mahali anapunguza makali ya dawa hiyo kwa mahesabu. Imewahi kuripotiwa kwenye majarida ya kitabibu kwamba mgonjwa alichomwa kipimo kilichozidi mara nyingi na jicho likaharibika moja kwa moja. Ni nadra. Ila swali la "dawa hii imechanganywa wapi, na nani amehakiki kipimo" si swali la ujeuri. Ni kama unavyomuuliza fundi gari kama amekaza nati za gurudumu.

Ipo pia hadithi ya dawa ambayo haipo tena sokoni, lakini inafundisha. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha fomiviseni, iliyouzwa kwa jina la Vitravene, dawa ya kwanza duniani ya aina yake, iliyotengenezwa kwa kulenga ujumbe wa vinasaba vya virusi. Ilikuwa inachomwa ndani ya jicho tu. Mgonjwa mmoja kati ya wanne hivi alipata uvimbe ndani ya jicho. Haikuondolewa kwa sababu hiyo, iliondolewa kwa kukosa wateja, maana ARV zilikuwa zimeanza kuokoa kinga za watu na CMV ya macho ikapungua sana. Baadhi ya maneno ya kutisha tunayoyasikia leo naamini yalianzia kwa wagonjwa wa zama hizo, yakapita mdomo kwa mdomo hadi yakatufikia sisi bila tarehe.

Sasa niseme msimamo wangu. Kinachonisumbua mimi kuliko hatari za sindano ni mtu kupewa sindano peke yake na kuridhika nayo.

Sindano inatibu jicho lililochomwa. Haitibu jicho la pili, haitibu utumbo, haitibu ubongo wala mapafu, na CMV inaweza kufika kote huko. Hili lilishajulikana zamani. Miaka ya 90 kulikuwa na kidonge cha gansiklovia kinachoshonewa ndani ya jicho kwa upasuaji, kikitoa dawa polepole kwa miezi kadhaa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1994 ulionyesha kinafanya kazi nzuri sana katika jicho lile, lakini kwa wagonjwa waliotegemea hicho tu, ilikadiriwa kwamba nusu yao jicho la pili nalo lingeshikwa ndani ya miezi 6. Nusu, ndugu yangu! Kumlinda mtu jicho la kulia huku la kushoto likiachwa wazi naona ni kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani.

Tangu mwaka 2001 kuna vidonge vya valgansiklovia, maarufu kwa jina la Valcyte. Unavimeza na chakula, vinaingia kwenye damu, vinalinda macho yote mawili na mwili mzima. Kwa wagonjwa wengi kipimo ni miligramu 900 mara mbili kwa siku kwa wiki tatu, halafu mara moja kwa siku hadi kinga ipande. Navyo si peremende. Vinaweza kushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo damu yako itapimwa mara kwa mara, figo zako zitaangaliwa, na mjamzito au anayetarajia kupata mtoto, mwanamke au mwanamume, lazima aseme mapema kwa sababu dawa hii inaweza kumdhuru mtoto. Lakini ukiniuliza mimi, sindano ina nafasi yake pale ambapo ugonjwa umekaribia katikati ya retina, mahali pa kusomea na kutambulia sura za watu, ambapo dawa inatakiwa ifike leo na si kesho kutwa. Hapo sindano chache za mwanzo pamoja na vidonge ni jambo la busara. Vivyo hivyo kwa virusi vya malengelenge na mkanda wa jeshi, sindano ya foskaneti huongezwa juu ya dawa ya mshipa au ya vidonge, haiwekwi badala yake. Sindano kila wiki kwa miezi bila kidonge, kwa sababu tu kidonge ni ghali au hakuna aliyekumbuka kukiandika, hilo mimi silikubali, na wewe uliza sababu yake.

Wapo watakaosema nawachochea wagonjwa wabishane na madaktari. La hasha. Mgonjwa mwingine figo zake au damu yake haiwezi kubeba kidonge, na kwake sindano ndiyo njia iliyobaki. Daktari mzuri atakueleza hivyo kwa sentensi mbili. Asiyetaka kueleza ndiye ninayemtilia shaka.

Na ARV je? Bila ARV yote haya ni kupiga maji kwenye kinu. Kinachoizima CMV kwa kweli ni kinga yako mwenyewe kurudi. Ila kuna jambo la kukutahadharisha mapema ili lisikutishe. Wiki au miezi kadhaa baada ya kuanza ARV, kinga iliyorudi inaweza kuligundua lile jicho lenye mabaki ya virusi na kulishambulia kwa hasira. Uoni unafifia, vidoa vinaongezeka, wakati CD4 zinapanda. Mtu anasema "hizi ARV zinaniharibu macho" na anaziacha. Tafadhali usiziache. Rudi kliniki ya macho, uvimbe huo una matibabu yake. Kuacha ARV ni kumfungulia virusi mlango mara ya pili.

Nije sasa kwenye mambo yetu ya ughaibuni, maana huko ndiko tunakoponea au kuangamia.

Fomu ya ridhaa. Unapewa karatasi kurasa nne za Kiingereza cha kitabibu, umewekewa matone ya kupanua mboni kwa hiyo huoni hata herufi, halafu unaambiwa weka sahihi hapa. Huo si utaratibu wa kumridhisha mtu. Hospitali za Uingereza na Marekani zinatakiwa kukutafutia mkalimani bila wewe kulipa, hata kama ni kwa simu, na Kiswahili si lugha ya kuwashangaza. Omba siku unapopigiwa simu ya miadi, usisubiri siku yenyewe. Na ninawasihi wazazi, msimchukue mtoto wa miaka kumi na miwili awe mkalimani. Sitaki hata kufikiria mtoto anayelazimishwa kumwambia mama yake kwa Kiswahili neno VVU kwa mara ya kwanza.

Siri. Wengi wanaoacha miadi hawaogopi sindano, wanaogopa kuonekana. Huwezi kuendesha gari ukitoka kuchomwa, kwa hiyo unahitaji mtu wa kukupeleka, na mtu huyo atauliza maswali. Basi mwambie unatibiwa macho, kwani huo nao ni ukweli. Huna deni la kumsimulia kila mtu CD4 zako. Kliniki nyingine husaidia usafiri ukiuliza. Kukosa wiki mbili za dawa katika kipindi cha mwanzo kunaweza kukupotezea retina nyingi kuliko sindano kumi.

Makaratasi. Kwa walioko England, matibabu ya VVU hayatozwi pesa tangu Oktoba 2012, uwe na kibali au usiwe nacho. Marekani kuna mpango wa Ryan White, ulioanza mwaka 1990, unaosaidia wasio na bima. Ghuba hali ni ngumu zaidi, tusidanganyane. Nchi kadhaa huwapima wageni VVU katika shughuli za ukaazi na anayekutwa navyo hurudishwa kwao. Najua ndiyo maana kuna kina dada wanaficha vidoa vya machoni hadi mkataba uishe. Mkataba ni miaka miwili, retina haina miaka miwili. Ukilazimika kurudi, rudi na barua ya daktari na dawa za kutosha, na wiki hiyo hiyo nenda kwenye hospitali yenye idara ya macho, kama CCBRT Dar es Salaam au KCMC Moshi, kabla hata ya kuzunguka kusalimia ndugu.

Na wewe unayetuma pesa nyumbani, kama unamuuguza mtu mwenye CD4 za chini sana, uliza swali hili kwenye simu: kuna aliyempanua mboni na kumchungulia retina? Mara nyingi jibu ni hapana, kwa sababu kliniki ya VVU na ya macho hazikai jengo moja. Bei ya valgansiklovia nayo iliwahi kuwa ya kutisha, hadi mwaka 2013 kampuni ya Roche ilipokubaliana na Medicines Patent Pool kuishusha kwa hadi asilimia 90 kwa ajili ya nchi 138 zinazoendelea. Mwaka 2015 ikaingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo ukiambiwa "hiyo ni dawa ya Wazungu, huku hakuna", usikubali haraka, mwombe mfamasia wa hospitali aulizie.

Jambo la ndege nisilisahau. Retina ikibanduka na ukafanyiwa upasuaji, daktari anaweza kukuwekea kiputo cha gesi ndani ya jicho. Ukipanda ndege na gesi hiyo ingali ndani, inatanuka angani na presha yake inaweza kulipofusha jicho kabla hujatua. Hata kama ni msiba wa mzazi, uliza kwanza. Kwa wagonjwa wa CMV mara nyingi huwekwa mafuta ya silikoni badala ya gesi, hayo hayana shida hiyo, lakini lazima ujue umewekewa kipi.

Ukisharudi nyumbani baada ya sindano, jicho kuwa na doa la damu kwenye weupe, au kuhisi mchanga siku moja mbili, ni kawaida. Kisicho cha kawaida ni maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, wekundu unaozidi, mwanga kukuchoma, au uoni unaoshuka, hasa katika wiki ya kwanza. Pazia jeusi linaloshuka upande mmoja, au vidoa vingi vya ghafla, ni alama ya retina kubanduka. Usinywe panadol ukalala.

Kila asubuhi ukipiga mswaki, funika jicho moja utazame kalenda ya ukutani, kisha funika la pili. Ukiona kuna shimo au ukungu ambao jana haukuwapo, piga simu kliniki siku hiyo hiyo. Kama ni usiku au wikiendi, nenda kitengo cha dharura, mweleze wa mapokezi kwamba umechomwa sindano ndani ya jicho na taja tarehe, na usikubali kuambiwa urudi Jumatatu.